Upepo wa Watu Sita

Tangu niache kazi mwezi uliopita nimeulizwa swali moja mara nne, na nyote mlioniuliza ni ninyi vijana wa karakana: "Mzee, Landrova ya familia inatiwa upepo kiasi gani?" Mnauliza mmesimama mlangoni, kalamu sikioni, mnataka namba moja muiandike ukutani mwende zenu kunywa chai. Namba moja hakuna. Ingekuwapo nisingekaa miaka kumi na minne nimepiga magoti kwenye saruji mpaka magoti yakaota sugu. Basi nimenunua daftari, naandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, maana sijaona cheo kilichomtoa mtu mchangani.

Nilianza mwaka ule wa Uhuru, karakana yetu ikiwa banda la mabati pale Chikongola, mjini Mtwara, nyuma ya maduka ya vitambaa. Mimi ni Mmakua wa Masasi, nimelelewa misheni, mahali ambapo tulihesabiwa asubuhi, tukahesabiwa mchana, na kabla ya kulala tukahesabiwa tena. Nilikuja mjini na imani kubwa sana katika namba. Fundi mkuu alikuwa Mzee Chilumba, Mmakonde aliyeziba matairi ya malori ya bandarini tangu bandari ilipokuwa mpya. Siku hiyo ya kwanza alinipa geji ya upepo akaniambia nipime Landrova iliyokuwa imeingia dakika ile ile kutoka Mikindani, saa saba ya jua kali. Kitabu cha gari kilisema matairi ya nyuma yawe ratili thelathini na sita. Nikakuta arobaini na moja. Nikabonyeza vali, nikatoa tano kila upande, nikasimama wima nikingoja kusifiwa.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Haya, rudisha upepo wote uliotoa."

Nikarudisha kwa pampu ya mkono, maana kompresa ilikuwa bado haijaletwa, na jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu. Kesho yake asubuhi, gari likiwa halijasogezwa, alinipa tena geji. Nikapima: thelathini na sita kamili. Akasema tairi likitoka mbio lina joto, na upepo wa ndani umevimba kwa joto. Ukiupunguza saa ile, mwenye gari ataamka asubuhi na tairi lililolegea na hatajua kwa nini. Pima alfajiri, kabla gari halijatembea, na kabla jua halijapiga upande mmoja. Nimewaambia jambo hili ninyi nyote, mmoja mmoja, na bado juzi nimepita pale nikamwona mmoja wenu anabonyeza vali ya gari linalotoa moshi. Nikaendelea na njia yangu. Nimestaafu.

Mzee Chilumba hakuamini geji peke yake. Alikuwa na debe la majivu ya jikoni. Alikuwa akiyatandaza kwenye saruji, analisukuma gari likiwa na mzigo wake lipite juu, kisha anainama kutazama alama. Kama tairi limekanyaga katikati tu, upepo umezidi. Kama limekanyaga kingo mbili na katikati pamebaki majivu, upepo haujatosha. Kisha alimtuma dereva aende maili tano, ashuke, aweke kiganja ubavuni mwa tairi. Kiganja kikiweza kutulia pale, sawa. Dereva akikiondoa haraka kwa kuungua, upepo ni mdogo kwa mzigo ule. Na kabla ya majivu na kiganja, alikuwa na swali ambalo ndilo alilolithamini kuliko vyote: nani atapanda? Jibu tuliliandika kwa chaki ndani ya mlango wa dereva, namba tatu: upepo wa mbele, upepo wa nyuma, na watu. Hiyo ilikuwa desturi ya karakana yetu, na ninyi mmeiacha kwa sababu chaki inachafua mikono.

Wateja sasa. Mungu anisamehe, sikuwapenda sana. Mtu anajua kabisa kwamba hajui, lakini akifika kwenye gari lake analipiga tairi teke mara mbili, anasikiliza, anakwambia, "Hili limepungua." Limepungua nini, bwana? Mguu wako una geji?

Palikuwa na karani mmoja wa bandarini, Bwana Rwiza, mtu wa Bukoba, anakaa Ufukoni na mkewe na watoto watano. Alikuwa na Landrova fupi aliyoipenda kama mtoto wa sita. Yeye alitaka arobaini, mbele na nyuma. Nikamweleza kwamba kwa gari lile na mzigo ule, ishirini na tano mbele na ishirini na nane nyuma ni nyingi za kutosha. Akanitazama kwa huruma. Alisema tairi laini linamwaibisha mbele ya majirani, gari linaonekana limechuchumaa. Nikatia arobaini, kichwa kinaniuma. Jumatatu akaja mkewe, Mama Anjela, kwa miguu, na Biblia ikiwa bado kwapani kama aliyetoka kanisani jana yake akapitiliza.

"Fundi, mume wangu asikusumbue," akasema. "Watoto wanafika ibadani wameshika taya. Mdogo ameuma ulimi. Gari likija, lipunguze, na usimwambie."

Nikapunguza, ishirini na tano na ishirini na nane, nikafunga mdomo. Wiki ile ile Bwana Rwiza akanijia anacheka, ananipiga bega mbele ya watu. "Unaona sasa! Nilikwambia arobaini ndiyo dawa. Gari linakwenda kama kitanda." Nikauma meno, nikamshukuru kwa kunifundisha. Miaka mitatu nilimfanyia hivyo. Kumbukeni kwamba niliweza. Mtu akinipa namba ya uongo nilijua jinsi ya kutia upepo wa kweli na kunyamaza, na hakuna aliyeumia.

Sasa nifike kwa watu wa Mpapura, maana wao ndio hasa walionifanya ninunue daftari hili.

Walikuwa ndugu wanne, wakulima wa korosho. Msimu mmoja mzuri wakachanga, wakanunua Landrova ndefu, kuukuu lakini nzima, wakaiita gari la ukoo. Dereva alikuwa Hamisi, mtoto wa mmoja wao, mtu mzima wa miaka thelathini, mpole, aliyeiogopa gia ya nne. Lakini mwenye amri alikuwa shangazi yake, Bibi Somoe, dada mkubwa wa wale ndugu, mjane, aliyekaa kiti cha mbele kila safari na mkoba wa ukindu mapajani. Alikuwa na adabu kuliko wateja wote niliopata kuwahudumia, na hakuna aliyenichosha kama yeye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tutie upepo."

"Mtakuwa watu wangapi?"

"Ni sisi tu."

Sisi tu ndio wangapi? Nikiuliza tena, alitazama barabarani. Nikabadili njia, nikamuuliza watapika vibaba vingapi vya mchele huko waendako. "Tutashiba," akasema. Gari hilo liliwahi kutoka kwangu na watu watano, likaonekana Ufukoni na watu kumi na mmoja, mbuzi, na mlango mzima wa nyumba, kwa kuwa hakuna mtu wa Mpapura awezaye kumpita mwenziwe aliyenyoosha mkono njiani. Kisha linarudi tairi limechoka, wanasema upepo wa Chikongola haukai.

Siku moja Hamisi alinivuta pembeni akanieleza. Bibi Somoe alipokuwa mtoto, familia yao ilivuka Ruvuma kutoka ng'ambo. Mama yake aliwapanga watoto ukingoni akawahesabu, mmoja mmoja, kwa sauti: saba. Mtumbwi ulipofika upande huu walikuwa sita. Tangu hapo hakubali watu wahesabiwe kabla ya safari. Nilimwelewa. Naandika hapa ili msije mkadhani sikuwa najua. Nilimwelewa vizuri, na bado alinikera.

Nilimpelekea Mzee Chilumba malalamiko. Alikuwa karibu kuacha kazi, amekaa juu ya tairi anakata kiraka. Akasema, "Waache waseme wanavyosema. Wewe tia upepo wa watakaopanda." Basi nikafanya hivyo. Wakisema sisi tu, mimi natia wa watu kumi, na kwenye mlango naandika kumi. Bibi Somoe hakusoma, Hamisi alisoma akanyamaza. Mambo yakaenda hivyo miaka kadhaa.

Kisha ikatokea safari moja ambayo, kwa ajabu, walikuwa kweli watu watano. Walikwenda harusini na trei za mayai. Gari gumu, mzigo mdogo, barabara mbovu: mayai yakavunjika. Mmoja wa wale ndugu akaja karakana, akasimama katikati ya wateja, akasema fundi huyu hajui kazi, anatia upepo wa lori kwenye gari la watu. Bwana Rwiza alikuwapo. Alinitikisia kichwa, yeye wa arobaini. Nilitamani ardhi inimeze. Nikajiapiza palepale: siku watakayorudi, nitawapa kile wanachosema, wala sizidishi hata pumzi.

Walirudi baada ya wiki mbili, asubuhi, saa tatu hivi. Mara hii Hamisi aliruka chini bila salamu. Zainabu, binti wa mwisho wa Bibi Somoe, aliyeolewa Msimbati, alikuwa na uchungu siku ya pili, na mkunga wa huko amenyoosha mikono, amesema apelekwe hospitali. Wanakwenda kumchukua. Bibi Somoe alikuwa kiti cha mbele, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, fanya upesi."

Njia ya Msimbati mnaijua. Nusu ya kwanza ni changarawe na mawe, nusu ya mwisho ni mchanga. Mchanga unataka tairi laini, mawe yanataka tairi gumu, na katikati unahitaji pampu. Pampu yetu ya mguu, ile tuliyowaazima wasafiri, ilikuwa imechanika ngozi mwezi mzima. Kwa hiyo ilibidi nichague upepo mmoja wa kwenda na kurudi, na kila kitu kilitegemea watu.

"Mtakuwa wangapi, Bibi?"

"Ni sisi tu."

Nikachungulia ndani. Sita. "Na wakati wa kurudi?"

"Sisi na Zainabu."

Hapo nataka msome polepole. Mwanamke haondolewi nyumbani kwa mumewe kwenda hospitali na watu wa kwao peke yao. Atakuja mama mkwe, kwa sababu asipokuja atasemwa. Atakuja mume. Atakuja wifi wa kumshika, na mwingine wa kupika, na sufuria, na unga, na mikeka, na kuni kwa kuwa kuni za mjini hawaziamini. Nilijua hayo kama nijuavyo jina langu. Mwenye kukaa Mtwara wiki mbili anayajua.

"Saba, basi?" nikauliza.

"Usituhesabu, mwanangu. Leo hasa, usituhesabu."

Nyongo ikanipanda. Nikaona mayai, nikaona Bwana Rwiza anatikisa kichwa. Nikapiga magoti, nikatia kumi na nane mbele na ishirini na mbili nyuma, upepo mzuri kabisa wa watu sita wanaokwenda mchangani, nikafungua mlango wa dereva nikaandika kwa chaki, herufi kubwa: WATU 6. Hamisi alisoma, akanitazama kidogo, kama anayengoja niongeze neno. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Nilipaswa kutia thelathini nyuma na kumwambia, "Ukifika mchanga mzito washushe wote watembee, abaki Zainabu tu." Basi, hivyo tu. Sikulisema. Nikafunga mlango.

Kesho yake asubuhi Hamisi alikuja na mkokoteni una matairi mawili. Nilipoyatazama tu nilijua: ubavu umekatika mzunguko mzima, na ndani mpira umesagika kuwa unga mweusi. Tairi la namna hiyo halijachomwa na msumari. Limekunjwa na mzigo mpaka likafa.

Akanisimulia akiwa amesimama. Kwenda walikwenda vizuri mno, mchanga wote wa Msimbati bila kusukuma, wakanisifu njiani. Kurudi walikuwa kumi na watatu. Mchanga wakautoka vilevile. Walipopanda changarawe Zainabu alikuwa analia, na Hamisi, yeye wa kuogopa gia ya nne, akaiingiza. Tairi la nyuma kushoto likapasuka. Wakafunga la akiba. Maili tano mbele likapasuka la kulia, na la akiba hakuna tena. Wakamlaza Zainabu juu ya godoro, wanaume wakalishika pembe, wakaenda kwa miguu katika jua lile mpaka lori la korosho likawakuta. Walifika hospitali saa kumi na moja jioni. Zainabu aliokolewa. Mtoto, wa kiume, alitoka amekwisha kufa, na daktari alisema alikuwa hai mpaka mchana.

"Labda upepo ulivuja," Hamisi akaniambia, kwa upole ule ule.

"Labda," nikajibu.

Nilikwenda mwenyewe na matairi mengine mpaka lilipoachwa gari. Kazi ya kwanza niliyoifanya kabla ya kutoa jeki ni kufungua mlango wa dereva na kuyafuta yale maandishi kwa mkono wa shati. Chaki haikutoka vizuri, nikatema mate nikafuta tena.

Bibi Somoe alikuja arobaini ya mtoto ilipokwisha. Alikuja na kikapu cha muhogo, akakaa juu ya lile tairi alilokuwa akikalia Mzee Chilumba. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Ulituuliza, mwanangu. Miaka yote hii unatuuliza, nasi tunakuficha. Kosa ni langu." Akaanza kuwataja wote waliokuwa garini, mmoja mmoja kwa jina, akikunja vidole. Vidole vya mikono vilipokwisha alivifungua akaanza upya. Wa mwisho alimtaja Zainabu, na baada ya Zainabu akakunja kidole kimoja zaidi. "Na mwanawe," akasema. "Kumi na wanne."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Karakana ilikuwa tupu, hapakuwa na mteja wala fundi wa kunisikia. Ningemwambia, Bibi, mimi nilijua. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikasirika kwa ajili ya mayai. Badala yake nilisema, tena kwa sauti ya mtu aliyekosewa, "Haya, Bibi. Siku nyingine muwe mnasema kweli."

"Tutasema," akajibu.

Na alisema. Tangu siku ile mpaka naacha kazi, kila gari lile lilipoingia Chikongola, Bibi Somoe alishuka, akasimama mbele yangu akawahesabu watu wake kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, akimshika kila mmoja kama aliyesimama tena ukingoni mwa Ruvuma. Mimi niliandika namba kwa chaki, nikatia upepo, nikamwambia asante.